Mkono Nyuma ya Kiti cha Abiria

Wanangu wa gereji, siku mliyoniaga mlinipa zawadi ya kiti cha kupumzikia. Asanteni sana. Nilikigeuza juu chini kabla hata soda hazijafunguliwa, nikaona aliyekishona ameruka mishono upande wa nyuma akidhani bibi huyu hataangalia. Nimekifumua, nimekishona upya, na ndicho nilichokalia ninapoandika. Mliniomba niandike mambo ya kazini. Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini sitaandika, hayo mtayasikia msibani. Nitaandika nilivyoanza, nani alinifundisha, na lile gari la Bosi Revokatus ambalo mmekuwa mkiniuliza miaka yote na mimi nikawa nawafukuza.

Niseme mapema kwamba mimi ni mwoga. Naogopa radi, naogopa mto ukijaa, naogopa kupanda ngazi yenye kidato kilicholegea, na zaidi ya vyote namwogopa mtu anayeongea polepole akiwa amekasirika. Anayetafuta shujaa humu amepotea njia.

Kushona nilijifunza kwa masista nikiwa msichana. Tulishona kanzu za mapadri, mapazia na mashuka ya wagonjwa. Mzee Kaspari, fundi viti mwenye gereji kando ya barabara ya kwenda Lumemo, aliona pindo la kanzu yangu moja siku ya sikukuu, akamsubiri padri amalize kubariki watu, kisha akalishika lile pindo na kuuliza kashona nani. Wiki iliyofuata nilikuwa gerejini kwake. Wakati ule mwanamke akionekana gerejini anauza maandazi, kwa hiyo kila mteja aliyeingia aliniuliza yamebaki mangapi.

Siku ya kwanza Mzee Kaspari aliniwekea mbele kiti cha lori la mbao, kimechanika mpaka sponji inachungulia.

"Shikamoo mzee. Nianzie wapi?"

"Marahaba, Gaudensia. Anza kukinusa."

Nilidhani ananitania. Nikainamisha pua. Kilinuka jasho, tumbaku na dizeli.

"Haya, mwenye kiti hiki ni mnene au mwembamba? Anashukia upande gani? Mkono gani anaegemea?"

"Sijui, mzee."

"Basi kaa nacho mpaka ujue."

Nilikaa nacho siku nzima bila kutia sindano. Ndivyo alivyonifundisha. Kiti huchakaa kwanza lile shavu la upande wa mlango, maana dereva akipanda hujiburuza juu yake. Usukani huchubuka pale mkono unapopenda kulala. Mkeka wa chini hutoboka chini ya kisigino. Huo ni uchakavu wa halali, mwili wa mtu umepita hapo. Lakini ukiona kitambaa kimeharibika mahali ambapo mwili haupiti, alisema, usishone kwanza, uliza. Vifaa vyetu vilikuwa sindano ya kupinda, uzi wa nailoni tuliousugua nta, kisu cha fundi viatu, na cherehani moja nzito nyeusi iliyokuwa na hasira kuliko mwenyewe. Wiki ya kwanza ilinichoma kidole gumba kikatoboka mpaka kucha. Mzee Kaspari alinifunga kitambaa akasema sasa nimeajiriwa.

Miaka ya tisini ilipoanza, kampuni moja ya kuuza magari Dar es Salaam ikaomba gereji yetu iwaangalizie magari yao mapya upande huu wa bonde. Hapo ndipo neno dhamana lilipoingia maishani mwangu na kuninyima usingizi. Nyie leo mnalitamka kirahisi tu. Maana yake ni hii: kiwanda kikikosea, kampuni inatengeneza bure. Ukichakaza mwenyewe, ni juu yako. Kazi yangu ilikuwa kutazama viti, dari na dashibodi, kisha kuwaambia Dar kama kosa ni la kiwanda au la mwenye gari. Mnajua wenyewe, hakuna mwenye gari aliyewahi kukosea. Dereva mmoja wa mradi aliniletea kiti kilicholiwa na mbuzi, akaapa kwamba kilitoka kiwandani hivyo. Manyoya ya mbuzi yalikuwa bado yamo kwenye sponji.

Basi, hilo gari la Bosi Revokatus.

Huyu bwana alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, malori ya mbao, nyumba za kupangisha, na kiwanja ambacho gereji yetu ilijengwa juu yake. Alikuwa mtu mpole wa sura, anasalimia watoto, sauti yake chini kabisa, na mji mzima ulimwogopa. Mlinzi wake mmoja alishukiwa kuiba magunia. Bosi hakupiga kelele, wala hakwenda polisi. Alimwambia tu, "Kapumzike, ndugu yangu." Kesho yake yule mlinzi alihama na mke na watoto, na hakuna aliyethubutu kuuliza ameelekea wapi. Mimi nikimwona Bosi anakuja, nilikuwa najifanya natafuta uzi chini ya meza.

Gari lenyewe lilikuwa la michezo, jekundu, milango miwili, tumbo linakaribia kugusa ardhi. Viti viwili mbele, na nyuma kijinafasi cha kuweka kofia. Alilinunua jipya, lina dhamana. Gari la kukimbia, mahali ambapo masika hata baiskeli unashuka ukaisukuma! Kwa barabara lisingefika, kwa hiyo lilikuja kwa treni, na watu walijaa stesheni kulipokea. Nilikuwepo. Lilipoteremshwa, mke wake wa ndoa, Mama Benedikta, alipita katikati ya watu, akaweka kiganja juu ya boneti, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Kumbe shamba langu la Idete ndilo hili." Maana lile shamba la mpunga alilolilima yeye tangu ujana ndilo lililouzwa. Kisha akasema, "Halitakaa." Akaondoka zake kwa miguu. Bosi alikuwa ameshahamia nyumba mpya kwa mke mdogo, na Mama Benedikta akabaki peke yake Lumemo.

Watu waliyaokota yale maneno wakayaweka.

Miezi ikapita. Masika moja Bosi akaleta gari gerejini mwenyewe, maana hakumruhusu mtu mwingine kuligusa. Aliliingiza kinyumenyume, akashuka, akanisalimia vizuri.

"Fundi, ndani kumeharibika. Tazama."

Niliingia. Usukani ulinata kama umepakwa asali. Kishikio cha mlango kilikuwa kimevimba na kupoteza rangi, kirungu cha gia vilevile. Shavu la kiti cha dereva lilikuwa limechubuka kidogo, uchakavu wa kawaida. Nikawaza, mbona gari jipya hivi linayeyuka? Kisha nikapeleka kichwa nyuma ya kiti cha abiria, pale penye ngozi ya bandia, nikauona.

Mkono wa mtu. Kiganja na vidole vyote, vimezama katika ngozi, vimebadilika rangi kuwa kahawia, vimetanda mgongoni mwa kiti. Haukuwa umechorwa wala kukatwa. Ngozi yenyewe ilikuwa imekubali mkono ikabaki hivyo. Nilitoka kinyumenyume nikagonga kichwa kwenye fremu ya mlango.

"Umeuona?" aliuliza Bosi.

"Nimeuona, bosi."

"Nyuma ya kiti hicho hakai mtu. Hata mtoto hatoshi."

"Ni kweli, bosi."

"Wapigie wenye dhamana. Kama kiwanda kimekosea, watuambie."

Tulikwenda posta pamoja, maana simu ilikuwa huko. Nilimweleza yule bwana wa kampuni kila kitu nilichokiona, Bosi amesimama karibu kiasi kwamba naye anaisikia simu. Yule bwana hakuwa mtu mbaya. Aliuliza maswali yake, akasema dhamana inahusu makosa ya kiwanda, na kwamba madoa, michubuko na uchakavu wa ndani havimo. Nikamuuliza tena, nikiomba kimoyomoyo abadilishe.

"Dada Gaudensia, ngozi ile haiwezi kutoka kiwandani na alama ya mkono. Kuna kitu kimeigusa. Si sisi."

Bosi alichukua simu mkononi mwangu, akaiweka chini taratibu. Hakukasirika. Akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Kama si kiwanda, ni mtu. Na mkono tuliuona wote stesheni."

"Bosi, labda tuangalie kwanza..."

"Jumamosi tunampeleka Mama Bene kwa mganga, ng'ambo ya Idete. Na wewe utakuja, fundi. Utasema mbele ya watu hicho ulichoambiwa na wenye gari."

Kwa nyie mliokulia mjini nieleze. Kwetu mtu akishukiwa uchawi alipelekwa kwa mganga kunyolewa. Ananyolewa kichwa chote, ananyweshwa dawa, anarudi nyumbani, na inasemwa nguvu zake zimekwisha. Wapo waliorudi wakaishi na majirani vizuri tu. Lakini wapo ambao jina liliwafuata, wakachomewa nyumba. Na wapo ambao hawakufika kwa mganga, kwa sababu njia ni ndefu na vijana wanaosindikiza wana fimbo. Mama Benedikta alikuwa mtu mzima, mwembamba, mguu mmoja unamsumbua. Na kitakachompeleka huko ni maneno ya dhamana yaliyopita mdomoni mwangu! Nilirudi gerejini, Mzee Kaspari akanipa maji nikayamwaga nusu.

Kudanganya sikuweza. Bosi aliisikia simu kwa masikio yake.

Jioni ile Bosi alipita gerejini kuniagiza nikifunike kile kiti kwa turubai mpaka Jumamosi, hataki kukiona. Mbu walikuwa wameanza, mbu wa masika wa huku hawaombi ruhusa. Aliniona najipiga makofi shingoni. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa mlango wa gari, akatoa kichupa.

"Jipake hii. Waliniachia wale wazungu wa utafiti wa mbu waliopanga nyumba yangu. Bila hii mimi sitoki nje jioni."

Nilijua sababu. Mwaka uliotangulia malaria ilimpanda kichwani, akafungwa kamba kitandani asijiumize, akatoka amebaki mifupa. Tangu hapo yule mtu ambaye wote tulimwogopa alikuwa anamwogopa mbu. Nikajipaka mikononi na shingoni, nikashukuru. Akarudisha kichupa mfukoni mwa mlango, akaondoka kwa miguu. Nikachukua rula yangu ya plastiki, nikapima mgongo wa kiti bila kuutazama sana, nikakata turubai, nikashona, nikaenda nyumbani.

Asubuhi niliishika rula, haikunibanduka mkononi kwa urahisi. Nikaigeuza. Juu yake palikuwa na alama za vidole vyangu vitatu, vimezama, kila mstari wa ngozi unaonekana.

Mama yangu mzazi! Niliitupa rula, nikapiga kelele kiasi kwamba mafundi wa upande wa injini walidhani nimeangukiwa na jeki. Nilichofikiri wakati ule ni kimoja tu: kile kitu kimetoka kwenye kiti kimenihamia, kwa sababu nimekigusa. Nilikaa chini nikaanza kusali Salamu Maria, nikachanganya na Baba Yetu. Mzee Kaspari aliiokota rula kwa kijiti, maana naye hakuwa jasiri kiasi hicho, akaitazama muda mrefu.

"Ni vidole vyako hivi."

"Najua ni vyangu, mzee! Ndiyo maana nalia!"

"Nyamaza kwanza. Jana ulishika nini?"

Nikamtajia. Chaki, mafuta ya cherehani, turubai, ugali. Na dawa ya mbu.

Alichukua kipande cha ngozi ya bandia kwenye mabaki yetu, akanipa chaki nishike, nikabonyeza. Hakuna kitu. Mafuta ya cherehani, nikabonyeza, doa likafutika kwa kitambaa. Kisha akatoa kichupa kwenye mlango wa gari, akanidondoshea gumbani. Nilibonyeza nikashikilia huku jua linatupiga. Nilipoinua, ngozi ilinifuata kidogo, ikaachia, na gumba langu likabaki pale pamoja na kovu la cherehani katikati yake.

Tulitazamana. Nilianza kucheka, kicheko kibaya cha mtu aliyekuwa analia. Kumbe ni dawa! Inakula plastiki kama tina inavyokula rangi. Usukani, kirungu cha gia, kishikio cha mlango, vyote alivyoshika baada ya kujipaka. Na nyuma ya kiti? Nikakumbuka alivyoingiza gari gerejini. Akirudi nyuma anageuza kiwiliwili, mkono wa kushoto anautupa nyuma ya kiti cha abiria na kukishikilia. Nyumba yake ina geti jembamba. Kila akitoka lazima arudi kinyumenyume, na kila jioni amejipaka.

"Mkono ni wa kwake mwenyewe," nilisema.

Mzee Kaspari hakuwa anacheka. "Sasa nani atamwambia? Watu wameshaambiwa mwenye mkono ule ni mchawi. Ukisema mkono ni wa Revokatus, Gaudensia, umesema nini?"

Kicheko kilinikauka. Kiwanja tulichosimama juu yake kilikuwa chake. Vijana wenye fimbo walikuwa wake. Nilitamani kuwa mwuza maandazi.

Tulikubaliana tumwambie faraghani, yeye peke yake, kwa heshima zote. Ijumaa tulikwenda kwake na kichupa na kipande cha ngozi nimekifunga kwenye khanga. Tukaambiwa amevuka mto kwa mambo ya mbao, kesho asubuhi atakwenda kwa Mama Benedikta. Usiku huo sikulala, na mume wangu akaniambia nijisingizie homa. Ilikuwa fikra nzuri sana, na hadi leo sijui miguu ilinitoaje nyumbani asubuhi ile.

Uwanja wa Mama Benedikta ulikuwa umejaa tulipofika. Gari la mizigo limewashwa, vijana wamekaa juu yake na fimbo, wanasema ni za kuswagia ng'ombe, na ukoo ule haukuwa na ng'ombe hata mmoja. Gari jekundu limeegeshwa pembeni. Bosi alikuwa amelipitia gerejini alfajiri kwa funguo zake, akalivua lile turubai, ili watu wauone mkono. Wazee wa ukoo walikuwa kwenye viti, na kaka mkubwa wa Bosi, Mzee Festo, ndiye aliyesimamia mambo. Mama Benedikta alikaa mkekani, amefunga kitambaa kichwani, kifurushi chake kimewekwa mapajani. Alikuwa ametulia kabisa, utadhani anasubiri zamu hospitali. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, nikashindwa kumtazama.

Watu walipitishwa kwenye gari kuutazama mkono. Walirudi wamejishika midomo. Ndipo Mzee Festo akaniita.

"Fundi, waambie watu. Wenye gari wamesemaje?"

"Wamesema si kosa la kiwanda," nilisema. Nilisikia mnong'ono ukipita nyuma yangu na mmoja wa wale vijana akiruka chini kutoka garini. "Lakini nina neno. Naomba nimwambie bosi pembeni."

"Sema hapahapa," alisema Bosi. "Hatuna siri."

Nilimtazama Mzee Kaspari. Alikuwa anatazama viatu vyake, lakini alinisogelea akasimama karibu, bega kwa bega. Nikafungua khanga. Mikono ilinitetemeka mpaka kichupa kikaanguka, nikakiokota.

"Bosi, naomba ujipake dawa yako. Kisha uweke mkono hapa kwenye hii ngozi, uushikilie kidogo. Wa kushoto."

Alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile tena, na namshukuru Mungu. Nadhani alikubali kwa sababu watu walikuwa wengi na kukataa kungeonekana. Alijipaka. Tuliweka ile ngozi juu ya kigoda, akabonyeza kiganja, ile injini ya gari la mizigo bado inaunguruma. Nilimwambia inatosha. Alipoinua mkono ngozi ilinyanyuka nao, ikabanduka ikaanguka.

Mkono ulikuwa pale. Kiganja na vidole vyote.

Nilianza kueleza kwamba ni dawa, kwamba inayeyusha plastiki, kwamba hata mimi rula yangu, lakini sijui nani alinisikiliza. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote. Sikuwa nimelifikiria hilo. Mimi niliwaonyesha dawa, wao waliona mkono. Mzee Festo, ndugu wa tumbo moja, alivuta kiti chake nyuma. Mwanamke mmoja akamficha mtoto kwenye khanga. Wale vijana wa Bosi walikuwa wamemkodolea macho bosi wao na fimbo mikononi, na hakuna aliyekuwa anamtazama Mama Benedikta tena.

"Kwa hiyo ni wewe, Revokatus," alisema Mzee Festo polepole. "Umejiroga mwenyewe, ukataka kumsingizia mkeo."

"Kaka, ni dawa ya mbu."

"Mkono ni wa nani?"

Bosi aligeuka akawatazama vijana wake. Nilijua anachokijua: gari la mizigo limewashwa tayari, njia ni ndefu, na ni yeye mwenyewe aliyewachagua wasindikizaji. Kijana mmoja alipiga hatua mbele. Mimi nilikuwa nimemwokoa mmoja na kumtia mwingine mahali pake.

Mama Benedikta aliinuka mkekani. Ilimchukua muda kwa sababu ya ule mguu, na hakuna aliyemsaidia. Alikuja mpaka penye kigoda, akanyoosha mkono kwangu.

"Nipe hicho kichupa, mwanangu."

Nikampa. Alijipaka kiganja, bila haraka, kama mtu anayejipaka mafuta baada ya kuoga. Kisha akakiweka juu ya ile ngozi, pembeni ya mkono wa mumewe, akabonyeza. Alishikilia muda mrefu kuliko yeye, macho yake kwa Mzee Festo.

Alipoinua, palikuwa na mikono miwili.

"Haya," alisema. "Sasa wachawi ni wawili, tena ni mke na mume. Tunyoeni wote, au mje mmoja mmoja mjipake na nyie tuone atakayebaki na nywele. Nani anaanza? Shemeji Festo?"

Mzee Festo hakuja. Hakuna aliyekuja. Mama Benedikta akamgeukia yule kijana aliyepiga hatua, akamwita kwa jina lake la ubatizo, akamwambia azime hilo gari, linamalizia mafuta bure. Kijana akaenda akalizima. Watu wakaanza kukumbuka kwamba wana mashamba. Bosi Revokatus alibaki amesimama, mkono wake wa kushoto ameuachia mbali na mwili kama si wake, akasema, "Mama Bene." Mkewe alichukua kifurushi chake, akaingia ndani, akafunga mlango.

Dhamana haikulipa kitu, na ilikuwa haki. Kiti kile nilikivua nikakishonea turubai la kijani, likakaa vibaya sana kwenye gari jekundu, na Bosi hakulalamika. Gereji haikuhamishwa. Wale wanaoniuliza kama alirudi kwa mkewe, sijui. Nilichoona ni kwamba masika yaliyofuata alikuwa analima Idete, shamba la kukodi, na mpunga ulikuwa wa Mama Benedikta. Mimi niliendelea kushona miaka mingi baada ya hapo. Kila mteja aliyeniletea doa nilianza kumuuliza anajipaka nini, na nyie mlikuwa mnanicheka.

Siku ile uwanja ulipobaki mtupu, niliinama kuokota ile ngozi kwenye kigoda ili tuondoke. Niliigeuza kwenye mwanga kama nilivyofundishwa. Mkono wa Bosi ulikuwa umetulia, kila mstari wa kiganja unasomeka. Wa Mama Benedikta haukusomeka. Kila kidole kilikuwa na kivuli chake pembeni, na kingine pembeni ya hicho, kiganja chote kimevurugika, kwa sababu muda wote alioushikilia pale, mbele yetu, amemkazia macho Mzee Festo, mkono wake ulikuwa unatetemeka kuliko wangu.